Pikapu ya Babu na Vumbi la Viazi

Mzee Onézime alikuwa na nyundo ndogo yenye mpini mfupi. Kila mwaka theluji ikishayeyuka alilala chali chini ya pikapu yake akaigonga chasisi, mbele mpaka nyuma, kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa. Chuma kizima kikigongwa kinaimba: ngliii. Chuma kilicholiwa na kutu hakiimbi, kinasema tu pwa, kama mtu mnene aliyekaa juu ya mto. Kwenye bonde lile la viazi, kule New Brunswick, barabara zinamwagiwa chumvi tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho ili magari yasiteleze, na chumvi hiyo inarukia chini ya gari na kula chuma taratibu, usiku na mchana, bila hata kuomba maji ya kushushia. Magari ya watu yalianza kusema pwa yakiwa bado machanga. Pikapu ya mzee Onézime ilikuwa rika moja na mjukuu wake Zélia, ambaye alishamaliza shule, na bado ilikuwa inaimba kote.

Mwaka ule magoti ya mzee yakagoma. Jumapili moja ukoo wote ulipokuwa mezani, sufuria la mchuzi wa kuku likiwa katikati, akaweka kijiko chini.

"Ile gari mimi basi," akasema. "Kupanda napanda. Kushuka ndiyo kesi. Nani anaitaka?"

Mikono ikanyooka miwili. Mmoja ulikuwa mkubwa, umenyooka mpaka ukataka kugusa taa. Huo ulikuwa wa Gervais. Mwingine ulinyanyuka kidogo tu kutoka mezani, kama wa mtu anayetaka kufukuza nzi. Huo ulikuwa wa Zélia.

Gervais alikuwa mjukuu mkubwa, mtoto wa shangazi Léonide, mwanaume wa miraba minne na domo la miraba minane. Pikapu alikuwa nayo, tena nzuri, ila ilikatika vipande viwili juu ya daraja la kijiji ikiwa na viazi. Mbele ikabaki imeangalia kanisa, nyuma imekaa chini kama mbwa, na viazi vikaingia mtoni. Sababu kijiji kizima kiliijua. Gervais alikuwa na banda lenye moto, na kila usiku wa baridi alikuwa anailaza gari yake humo kwa huruma. Wazee walimwambia mpaka wakachoka: theluji iliyoganda chini ya gari imelala, na chumvi yake imelala nayo. Ukiipeleka kwenye joto umeiamsha, na ikiamka ina njaa.

Zélia alikuwa binti wa maneno machache. Mgeni akiingia, yeye anaingia jikoni. Lakini mwaka mzima alikuwa ndiye anayemwendesha babu, na huku na huku wazee wa barabara ya Bossé walishamzoea, mmoja akamwomba amletee kuni, akaja wa pili, mpaka nyumba karibu zote zenye jiko la kuni zikawa zinamtegemea yeye kwa majira yote ya baridi. Hiyo ndiyo kazi aliyoitaka: msitu, shoka, mlango unagongwa, kuni zinashushwa, kwaheri. Bila pikapu ilikuwa imebaki kazi ya kiwanda cha chipsi ng'ambo ya mto, ambako unasimama na kofia ya wavu kichwani na kuchambua chipsi nyeusi kwenye mkanda unaotembea, umebanwa na watu kulia na kushoto wanaokuuliza una mchumba au huna.

Mzee Onézime aliangalia mikono yote miwili.

"Zélia ataiendesha baridi hii," akasema. "Ataitunza yeye, mimi nitakuwa mdomo tu. Theluji ikiyeyuka naingia chini na nyundo. Ikiimba kote, yake. Ikisema pwa hata mahali pamoja, anachukua Gervais."

"Sasa babu," Gervais akalalamika, "mimi ndio nichukue iliyooza?"

"Wewe umeshazoea."

Meza nzima ikacheka, hata shangazi Léonide aliyemzaa. Gervais akacheka pia, maana pwa moja si mwisho wa dunia, unachomelea bati na unakwenda zako kuwinda. Akamkonyeza Zélia.

"Lala vizuri, binamu. Mimi nitakuwa naomba chumvi tu."

*

Gari halipakwi oili siku yoyote tu. Kwenye barabara ya Bossé linapakwa kiazi cha mwisho kikishaingia ghalani, na mwaka ule mvua ilichelewesha mavuno. Kiazi cha mwisho kiliingia Ijumaa. Jumamosi asubuhi redio ikasema theluji ingeanza jioni, na malori ya chumvi yalishapakiwa.

Zélia alikuwa amejiandaa. Mapema wiki ile alishaiosha pikapu chini kwa maji ya nguvu, akaiingiza bandani ikakauka kabisa. Sasa aliiinua kwa jeki, akaiweka juu ya magogo manne, akavaa koti la zamani la babu na miwani ya kuogelea. Mzee Onézime alikaa juu ya kreti la viazi karibu na jiko, ambako ndoo ya oili ilikuwa inapashwa moto. Ilikuwa oili nzito ya misumeno ya miti, imechanganywa na mafuta ya manyoya ya kondoo, na banda zima lilinuka kama kondoo aliyelowa mvua.

"Breki umezifunika?"

"Nimezifunga na mifuko, babu."

"Ekzosi?"

"Nayo."

"Vile vitundu vya chini ya milango usivizibe. Gari nayo inatoka jasho. Ukimziba mtu vinyweleo anafanyaje?"

"Anaoza."

"Anaoza! Haya, ingia."

Kompresa ikanguruma, na Zélia akaingia chini na bunduki ya kupulizia. Akaanza na madigadi kwa ndani, akaenda kwenye sakafu, paipu za breki, springi, tangi la mafuta. Mwisho akachukua mpira mwembamba, akausukuma ndani ya chasisi yenyewe, maana chasisi ni kama bomba la mraba, na kutu mwerevu anaanzia ndani ambako hakuna anayemwona. Oili ikamdondokea kwenye miwani, kwenye shingo, ndani ya sikio. Alipotoka alikuwa anang'aa kama samaki wa kukaanga, na babu akamrushia kitambaa.

"Sasa twende tukale vumbi," akasema mzee.

Hapo ndipo palipo na siri ya barabara ya Bossé, ingawa si siri, kila mtu anaijua. Oili peke yake haikai. Theluji ya kwanza yenye maji maji inaiosha kama unavyoosha mkono. Lakini oili ikiwa bado mbichi, ukiiendesha gari kwenye barabara ya vumbi, vumbi linanata, linakunywa oili, linakuwa ganda. Ganda hilo chumvi inaligonga mlango baridi nzima na haifunguliwi. Na barabara ya Bossé ilikuwa na vumbi kuliko zote bondeni. Imepita mgongoni kwa kilima, udongo wa kokoto, upepo ukivuma asubuhi tu mchana imeshakauka.

Wakatoka. Zélia usukani, babu pembeni na kofia yake ya masikio. Mzee alishusha kioo akatoa kichwa nje, akaangalia nyuma kuona vumbi.

"Kanyaga kidogo," akasema.

Zélia akakanyaga.

"Kanyaga, binti. Haliamki hivi hivi."

Akakanyaga zaidi. Pikapu ikawa laini kama kitanda kipya. Hakuna kilichotikisika. Kikombe cha kahawa cha babu kilikuwa kimesimama wima juu ya dashibodi, kimetulia.

"Kanyaga! Unaogopa nini?"

"Babu."

"Nini?"

"Ni lami."

Mzee Onézime akarudisha kichwa ndani. Akaangalia barabara mbele. Nyeusi, laini, na mstari wa njano katikati.

Tuseme ukweli, hiyo lami ilikuwa yake. Miaka nenda miaka rudi mzee yule alikuwa anakwenda kwenye kila mkutano wa kijiji kuipigania. Alishika mayai yaliyovunjika akayaonyesha. Siku moja alipeleka meno yake ya bandia yaliyoruka kwenye shimo na kupasuka. Mwisho wakuu wakachoka naye, na majira yale ya joto greda zikaja, lami ikamwagwa, mzee akakata utepe kwa mkasi ambao sasa ulikuwa umetundikwa juu ya jiko lake. Kijiji kizima kilipiga makofi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka vumbi.

Walipofika kwenye kona yenye msalaba wakakuta hawako peke yao. Pikapu tatu za majirani zilikuwa zimesimama mfululizo, zote zimepakwa asubuhi ile ile, zote zinadondosha oili matone meusi juu ya lami mpya. Wenye magari walikuwa wamesimama mikono mifukoni kama watu waliokuta duka limefungwa.

"Onézime!" mmoja akapaza sauti. "Vumbi letu umelipeleka wapi?"

"Umetupa lami, sawa, tumeshukuru," akadakia mwingine. "Ungetubakishia hata kipande cha vumbi cha Jumamosi!"

"Jaribuni njia za mashambani," mzee akasema kwa sauti ndogo.

"Kwenye tope? Wiki nzima mvua? Nikapake tope lenye maji juu ya oili, kwani mimi Gervais?"

Wakacheka, lakini mzee hakucheka. Alikuwa anaangalia mawingu kule kaskazini, yamejaa, yana rangi ya tumbo la bata. Zélia alimwona anapapasa mfuko wa koti ambako nyundo inakaa. Kwa mara ya kwanza akamwona babu yake kama mtu asiyejua la kufanya. Akafikiria ile kofia ya wavu.

Udongo mkavu. Wapi kuna udongo mkavu baada ya mvua ya wiki nzima?

Akapiga chafya. Hakuwa na mafua, ilikuwa kumbukumbu tu. Wakati wa mavuno alichambua viazi kwenye ghala la shangazi Léonide, na kila jioni alipopenga kamasi zilitoka za kahawia. Lile ghala limechimbwa kwenye ubavu wa kilima, halipati mvua, halipati jua, na udongo wote unaokwanguka kwenye viazi unabaki sakafuni, umesagika, laini kama unga wa ngano, unafika kwenye vifundo vya miguu.

"Najua lilipo," akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake ilikuwa ni kelele. Watu wote wakamgeukia, uso ukamwaka moto, lakini alishasema. "Lipo kwa shangazi. Nifuateni."

*

Shida ya kwa shangazi Léonide ni kwamba ndipo kwa Gervais.

Na ndiye aliyefungua mlango. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate mwembamba wa ngano nyeusi kimekunjwa na siagi, mdomoni kingine. Akaangalia pikapu nne zinazodondosha oili uani. Akamwangalia Zélia, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi akikunja kitambaa.

"Naam, binamu. Karibu. Mbona umepakwa kama mkate?"

"Naomba vumbi," akasema Zélia.

"Unaomba nini?"

"Vumbi. La ghalani."

Gervais akatafuna akameza. Halafu akaanza kuelewa, na tabasamu likamfunguka pole pole kama mlango wa banda.

"Ngoja nielewe. Wewe usipopata vumbi, oili inaoshwa. Oili ikioshwa, chumvi inakula. Chumvi ikila, gari inasema pwa. Ikisema pwa, napata gari mimi. Na umekuja kuniomba vumbi mimi."

"Ndiyo."

"Kwa nini nikupe?"

Babu alikuwa amekaa garini, kioo wazi. Zélia aliangalia viatu vyake. Alitamani kurudi garini, ajifunike kofia ya babu mpaka kidevuni. Lakini macho yake yalipita pembeni ya Gervais, yakaona pale ukutani, nyuma ya mlango, ufagio mpya wa ghala. Bado ulikuwa na karatasi ya dukani. Haujaguswa.

"Ghala mwaka huu anafagia nani?" akauliza.

Tabasamu la Gervais likasimama njiani.

Kufagia ghala la viazi baada ya mavuno ni kazi ambayo mtu angempa adui yake. Unafagia siku nzima, vumbi linaruka, linatua, unaanza upya. Kamasi za kahawia mpaka Krismasi.

"Mama kanipa mimi," akasema polepole.

"Mimi nitalitoa lote. Leo. Utakuta mbao za sakafu."

Gervais aliangalia zile pikapu. Akaangalia ufagio. Ungeweza kuona pambano lote usoni mwake, gari upande mmoja, ufagio upande mwingine, na ufagio ulikuwa karibu zaidi.

"Mbao kabisa?" akauliza.

"Utajiona uso."

"Feni kubwa iko nyuma," akasema Gervais. "Ngoja nikaivute."

Kutoka jikoni ikasikika sauti ya shangazi Léonide, aliyekuwa anasikia kila kitu. "Jamani! Huyu mtoto kauza gari kwa ufagio! Nimezaa mimi?" Akatokea akifunga kilemba, mwanamke mfupi mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. "Zélia, mwanangu, ingiza gari. Ninyi wengine mstari! Anayeniangushia oili mlangoni ataipiga deki kwa shati lake!"

Basi ikawa. Zélia aliiendesha pikapu taratibu mpaka ndani ya ghala, katikati ya mafungu ya viazi yaliyozibwa na mbao pande zote mbili hadi juu. Wakaitega feni, ile ya kukaushia viazi, nyuma ya lundo la vumbi. Watu wakashika mafagio na majembe ya theluji.

"Tayari?" akauliza Gervais, kidole kwenye swichi.

"Subiri nifunge mdo..." akaanza jirani mmoja, na Gervais akawasha.

Haikuwa vumbi, ilikuwa usiku. Ghala zima likawa la kahawia, taa ikawa kiini cha yai, na watu wakawa sauti tu. "Chini! Lirushe chini!" "Hilo ni jicho langu!" "Nyuma ya tairi, wewe, nyuma!" "Apsss!" Zélia alikuwa amelala ubavuni na miwani yake ya kuogelea, anarushia vumbi kwa mikono kwenye kila kona ambayo feni haikufika, na alikuwa anapiga kelele kuliko wote, "Kulia! Leteni kulia! Sasa kwenye tangi!" na wala hakujua kama anapiga kelele. Viazi vilivyosahaulika sakafuni vilirukaruka mbele ya feni kama vyura. Gervais alivipiga mateke na kutangaza magoli.

Pikapu ya kwanza ikatoka, ikaingia ya pili. Mpaka ya nne inamalizika sakafu ilikuwa mbao tupu, na kila mtu alikuwa na rangi moja, weupe wa macho mawili na meno. Shangazi Léonide akaleta mikate ya ngano nyeusi na sukari guru, wakala wamesimama uani, wakapiga chafya kwa zamu. Mzee Onézime alishuka garini mwenyewe, akishikilia mlango. Akainama kadiri magoti yalivyomruhusu, akagusa chini ya madigadi kwa kidole. Ganda lilikuwa nene, laini, kavu kwa nje. Akanusa kidole.

"Kondoo na kiazi," akasema. "Hii ni chakula kabisa." Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kofia ikaanguka.

Walipokuwa wanarudi nyumbani theluji ikaanza, chembe moja moja kubwa. Lori la chumvi likawapita, likirusha chumvi nyuma yake, ikagonga chini ya pikapu ta-ta-ta-ta. Zélia hakupunguza mwendo.

*

Baridi ile ilikuwa mbaya. Kuni zilikwenda nyingi kuliko kawaida, na Zélia hakukosa hata nyumba moja. Pikapu ililala nje kila siku, hata wakati pua za watu zilipokuwa zinaganda, na Gervais hakuacha kumwonea huruma.

"Mlete bandani kwangu alale kwenye joto, maskini," alikuwa anasema kila wakikutana kanisani. "Bure. Sidai kitu."

"Asante, binamu. Anapenda baridi."

"Na blanketi nitampa."

"Mfunike wako. Yule wa nyuma au yule wa mbele, yeyote anayesikia baridi zaidi."

Gervais akasimama mdomo wazi. Hakuwahi kutaniwa na Zélia tangu azaliwe.

Theluji ikayeyuka, mifereji ikajaa, na Jumapili moja yenye jua ukoo wote ukakusanyika uani kwa mzee Onézime. Gervais alikuja na kamba nene ya kuvutia gari, imezungushwa begani.

"Hiyo ya nini?" akauliza shangazi Léonide.

"Kujiandaa tu, mama."

Mzee alilazwa kwenye ubao wenye magurudumu, wakamsukuma chini ya pikapu mpaka vikabaki viatu. Nyundo ikaanza mbele, upande wa dereva.

Ngliii. Ngliii. Ngliii.

Zélia alikuwa amesimama karibu na tairi, mikono kwapani. Kila mlio ulikuwa kama mtu anayemfungulia kifungo kimoja cha koti. Pande zote mbili za mbele zikaimba. Mzee akajisukuma nyuma, karibu na springi.

Ngliii. Ngliii.

Pwa.

Viatu vya mzee vilitulia. Nyundo ikarudia pale pale.

Pwa.

"Nimesikia," akasema Gervais, na kamba ikashuka begani. Lakini hakusema kwa furaha kama alivyotegemea, maana alimwona binamu yake amekuwa mweupe kama karatasi.

Zélia hakulia. Alichukua bisibisi kwenye sanduku, akalala chini na gauni lake la kanisani, akaingia.

"Sogea, babu."

"Binti, mimi mwenyewe nita..."

"Sogea."

Mzee akasogea. Pale nyuma ya springi ganda la vumbi na oili lilikuwa limejaa kwenye kona, nene kama mkate, gumu. Zélia akachomeka bisibisi, akachokonoa. Kama chini ya donge lile maji yaliingia, chuma kingekuwa kimebaki karatasi. Akachokonoa tena, akasukuma kwa nguvu zote. Donge likaachia, likamwangukia kifuani. Ndani yake kulikuwa na kitu cheusi, kimesinyaa, kimekauka, kama kidole gumba cha mzimu.

Akakiangalia. Akakitupa nje, kikabingirika mpaka kwenye kiatu cha shangazi Léonide.

"Ee!" shangazi akainama, akakiokota, akakigeuza geuza juani. "Hiki si kiazi? Hiki changu! Hiki ni cha ghalani kwangu!"

Chini ya gari Zélia alikuwa anafuta kwa mkono wa gauni. Oili bado ilikuwepo, imebaki mbichi pale nyuma ya kiazi, na chini ya oili chuma kilikuwa cheusi, safi, hakina hata doa. Akamnyang'anya babu nyundo.

Ngliii.

Ilipaa uani kama kengele. Akagonga tena. Ngliii. Akagonga pembeni, juu, chini, akarudi alikokwisha kugonga babu, akagonga na mahali ambapo hapakuwa na haja.

"Basi, basi," mzee akasema, "utaivunja sasa."

Wakavutwa nje wote wawili, na Zélia alikuwa anacheka na matone ya oili kwenye paji la uso. Lakini Gervais alikuwa ameshika kiuno.

"Jamani, sheria ni sheria. Babu ulisema hata mahali pamoja. Pwa imesikika. Mara mbili!"

"Imesikika," mzee akakubali. "Sasa nieleze, aliyesema pwa ni chuma au ni kiazi?"

"Kiazi, lakini..."

"Kiazi cha nani?"

"Cha mama."

"Na nani alikuwa anavipiga mateke siku ile na kutangaza magoli?"

Uani watu walishaanza kushikana mabega. Gervais akamtazama mama yake, naye akampa kile kiazi mkononi.

"Chukua chako," akasema shangazi Léonide. "Na vuli ijayo ufagio ule usiuguse. Babu yako kashamaliza vumbi la barabarani, lililobaki ni langu, na Zélia ndiye atakayesimamia mstari wa magari."

Mzee Onézime akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Hakutoa hotuba. Alimwekea Zélia kiganjani, na juu yake akaweka nyundo.

Watu wakaingia ndani kula. Gervais akabaki nyuma, anakunja kamba yake, anaikunjua, anaikunja tena. Zélia alikuwa anafuta mikono.

"Binamu," Gervais akasema hatimaye, akiangalia pembeni. "Ile gari yangu. Bado ipo nyuma ya banda, vile vipande. Mama anasema viondoke, vinamtia aibu. Nilikuwa nafikiri, kwa kuwa kamba ninayo..."

Zélia akafungua mlango wa pikapu yake, akapanda, akawasha.

"Tunaanza na kipi?" akauliza. "Kilichoangalia kanisa, au kile kilichokaa chini?"